Kufuatilia ukiukaji wa uhuru wa habari: rekodi isiyoyumba

Mwandishi akipigwa, habari huenea siku hiyohiyo. Ofisi ya umma ikilikalia ombi la taarifa kwa miezi, hakuna anayepiga kelele. Yote mawili ni ukiukaji, na yote yanastahili kuingia kwenye rekodi yako.

Hatua ya 1: Weka kipimo mapema. Mimi hutumia Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, inayolinda uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Aya ya 3 inaruhusu uhuru huo uwekewe mipaka, ila lazima iwe imewekwa na sheria, ilinde jambo linalotambuliwa (usalama wa taifa, kwa mfano, au heshima ya wengine), na iwe ya lazima kweli. Amri ya mdomo ya "zima kamera" isiyo na sheria nyuma yake huanguka kwenye sharti la kwanza tu.

Hatua ya 2: Pata ridhaa. Mweleze aliyeathirika taarifa zake zitafika wapi. Asipotaka jina lake lionekane, lifiche. Usalama wake unatangulia takwimu zako, na hapo sina mjadala.

Hatua ya 3: Andika tukio. Tarehe, saa, mahali, nani alifanya nini, sababu gani ilitolewa. Tenga alichokiona shahidi na alichosimuliwa. Kama aliona watu wenye sare, andika "watu wenye sare", usiandike "polisi" mpaka uthibitishe. Kisha uliza: je, aliyeathirika alidhurika kwa sababu ya kazi yake ya habari? Jibu likiwa bado halijulikani, tukio likae kwenye orodha ya yanayochunguzwa. Watuhumiwa nao waulizwe, na jibu lao liandikwe.

Hatua ya 4: Tunza ushahidi. Omba picha au video halisi. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza data za siku na mahali ilipopigwa. Mwombe aitume kama hati. Nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine.

Hatua ya 5: Fungua daftari la maombi ya taarifa. Hapa wengi huteleza, kwa kuwa kunyimwa taarifa mara nyingi hakuna barua wala sauti. Kwa kila ombi andika kilichoombwa, siku lilipopokelewa pamoja na muhuri au namba ya kumbukumbu, siku ya mwisho kisheria, na kilichojibiwa. Nchi nyingi huhesabu ukimya baada ya muda huo kuwa ni kukataa, hivyo siku ya pili yake unaweza kukata rufaa. Andika pia majibu nusu, kurasa zilizofutwafutwa na ada zisizolipika. Ukiwa na maombi mengi yanayofanana, utaona ofisi ipi ina mazoea ya kunyamaza.

Hatua ya 6: Rudi kwenye kila faili. Kuna kesi? Kuna aliyeshtakiwa? UNESCO huziomba serikali zieleze kesi za mauaji ya waandishi zimefikia wapi kimahakama. Linganisha maelezo hayo na uliyonayo. Ukikuta tofauti, iandike kwa tarehe na uwapelekee kamisheni ya haki za binadamu ya nchi husika pamoja na ushahidi wote.