SOMO: Kuzunguka mji wa Konstanz kwa Segway, hatua kwa hatua

Wakuu, kila kiangazi maswali ni yale yale: leseni inatakiwa? Mtoto anaruhusiwa? Nitaanguka? Nayajibu hapa mara moja. Atakayeuliza tena kilichokwisha kuandikwa nitampa namba ya hatua tu.

Nazungumzia Konstanz, mji wa kusini mwa Ujerumani ulioko kwenye ziwa la Bodensee, pale Rhine inapotoka ziwa kubwa kuelekea ziwa la chini. Wengi mnaoishi Stuttgart, Zürich na München hupeleka wageni huko. Mashine ninayoieleza ni Segway i2, ya umeme, unayoiendesha ukiwa umesimama, ya magurudumu mawili ubavu kwa ubavu na usukani mmoja katikati. Mkipewa aina nyingine, namba za uzito zitabadilika. Kanuni za kupanda na kushuka ni zile zile.

1. Pima uzito kabla ya kulipa. Kilo 45 hadi 118, begi likiwa mgongoni. Kikomo cha chini kina sababu yake: mashine husimama kwa kusoma uzito wako unaporudi nyuma, na mtu mwepesi mno anaweza kuegemea nyuma kwenye mteremko isisimame. Kwa sheria ya Ujerumani iliyoanza tarehe 15 Juni 2019, umri ni miaka 14 na leseni haihitajiki. Kabla ya hapo ilitakiwa angalau cheti cha kuendesha pikipiki ndogo, ndiyo maana kurasa za zamani bado zinakidai. Mwenye mashine anaweza kuweka masharti makali kuliko sheria, na mashine ni zake. Muulize.

2. Weka nafasi ya asubuhi. Mchana njia ya kandokando ya ziwa hujaa baiskeli.

3. Viatu bapa, vinavyofunga kisigino. Kandambili hapana.

4. Kofia ngumu. Sheria hailazimishi. Vaa.

5. Kupanda. Mwongozaji atashika usukani kwa mbele. Weka mguu wa kwanza kwenye kibao, wa pili ufuate bila kusubiri, kisha simama wima. Hapo mashine itaanza kwenda mbele na nyuma kwa mtikisiko mdogo, na wengi hudhani ni mbovu. Mtikisiko ni wako. Mwili unaogopa, unajirekebisha, mashine inafuata mwili, mwili unajirekebisha tena. Usitazame miguu. Tazama mti au dirisha mita 20 mbele, legeza magoti, pumua. Itatulia yenyewe.

6. Kwenda na kusimama. Breki ya mkono haipo. Sogeza nyonga mbele, inakwenda. Kusimama, fanya kama unataka kukalia kigoda: makalio nyuma, magoti yakunjwe. Kuvuta usukani kwa mikono huku mwili umebaki mbele hakusaidii kitu. Kukata kona, laza usukani upande unaotaka, kidogo tu.

Ukifika mwisho wa kasi (kilomita 20 kwa saa, na wanaoanza hufungiwa kama 10), usukani utarudi kukusukuma tumboni. Hiyo ni mashine inakuambia basi. Rudi nyuma nao. Anayeshindana nao kwa kuegemea mbele zaidi anaila akiba ya nguvu ambayo mota inaihitaji ili kumshika asianguke, na akiba ikiisha anakwenda chini kifudifudi.

7. KUSHUKA. Soma hii mara mbili. Wengi huumia mashine ikiwa imesimama, ziara imekwisha, simu tayari iko mkononi. Ni hivi: mashine iliyowashwa haijui kwamba umemaliza. Ukishusha mguu mmoja nyuma huku mikono inavuta usukani, kwake hiyo ni amri ya kurudi nyuma, na inatii. Mguu mmoja uko chini, mmoja uko juu, kilo 48 za chuma zinakufuata, gurudumu linakupanda kisigino. Namna sahihi:

Simama kabisa kwanza, sehemu tambarare. Shika usukani wima, usiuvute wala usiuegemee. Shusha mguu mmoja moja kwa moja nyuma, na wa pili ufuate papo hapo. Usining'inie na mguu mmoja ukizungumza na mwenzako. Mikono ibaki kwenye usukani mpaka mashine izimwe au mwongozaji aishike.

Onyo la kwanza: usiruke kwa miguu yote miwili. Onyo la pili: usiiachie ikiwa imewashwa, kwa sababu inaweza kuendelea na safari bila wewe, na njia ya Konstanz ina maji upande mmoja. Onyo la tatu: usishukie kwenye mteremko, hata mdogo. Na kamba ya begi inayoning'inia kifuani hunasa usukani wakati wa kushuka, basi ikaze kabla ya kuanza.

8. Kingo za barabara. Gurudumu moja likigonga ukingo na jingine likabaki huru, mashine huzunguka na wewe hubaki hewani. Mnakumbuka Beijing, Agosti 2015, mashindano ya dunia ya riadha, yale ambayo Kenya iliongoza jedwali la medali? Baada ya fainali ya mita 200, mpiga picha wa televisheni aliyekuwa juu ya Segway alimvaa Usain Bolt kwa nyuma. Gurudumu lilipanda reli ya kamera iliyokuwa kandokando, basi. Huyo ni mtu aliyekuwa akiitumia kazini. Ukiona ukingo, reli au tawi, shuka, isukume kwa mkono ukitembea, panda tena upande wa pili. Kama ni lazima kuuvuka ukiwa juu, uwe mfupi sana na uuendee uso kwa uso, si kimshazari, magurudumu yote mawili kwa wakati mmoja. Majani yaliyolowa na mchanga uliomwagika kwenye lami ni hatari ya jamii hiyo hiyo: gurudumu likiteleza, mashine haina cha kukushikia.

9. Njia. Mwanzo hutofautiana, lakini mambo ya kuona ni haya. Bandarini kuna Imperia, sanamu ya mwanamke ya mita 9 iliyochongwa na Peter Lenk na kuwekwa mwaka 1993. Huzunguka polepole juu ya kiguzo chake, kwa hiyo msiwe na papara ya picha, uso utarudi. Kila kiganja kimebeba mzee mdogo aliye uchi, mmoja na taji la papa, mwingine na taji la mfalme. Ni kejeli kwa mkutano mkuu wa kanisa uliofanyika mjini humo mwaka 1414 hadi 1418. Jengo lenye paa kubwa lililo karibu lilijengwa mwaka 1388 kuwa ghala la wafanyabiashara, na mwaka 1417 ndimo alimochaguliwa Papa Martin V. Mkutano huo huo ndio uliomhukumu mhubiri Jan Hus kuchomwa moto mwaka 1415.

Kisha daraja la Rhine. Kilomita za mto huu zinahesabiwa kuanzia hapo, sifuri. Ng'ambo ni Seestraße, majumba ya zamani kushoto, ziwa kulia. Hapo ndipo utaifurahia mashine, kwani ni tambarare. Ukiendelea unafika Hörnle, ufukwe wa kuogelea. Mtaa wa kale wa Niederburg uendeeni kwa miguu baadaye, vichochoro ni vyembamba na mawe yake hutikisa magoti.

Msafara ni mstari mmoja, mita 3 au zaidi kati ya mashine na mashine. Sheria inawapeleka kwenye njia ya baiskeli, na isipokuwepo, barabarani. Njia ya waenda kwa miguu si yenu mpaka kibao kiseme hivyo.

Maswali sasa.

---

Kipanga wa Ruhr: Asante mkuu. Leseni inahitajika?

Mleta somo: Hatua ya 1.

Chausiku: Mimi navaa dera au baibui, na ushungi. Nitaweza, au niwaangalie tu wenzangu?

Mleta somo: Utaweza dada, swali zuri. Shida ni upindo. Upepo wa ziwa unaupeperusha ubavuni, unaingia kati ya gurudumu na madigadi, na gurudumu haliachii. Vaa suruali ndani, kisha kunja baibui na ulifunge fundo kubwa ubavuni juu ya goti. Likiwa jepesi mno, afadhali suruali pana na gauni fupi la juu. Kichwani, kofia ya ndani nyembamba bila pini hata moja, maana pini chini ya kofia ngumu itakuchoma. Ncha za ushungi ziingie ndani ya koti. Mwambie mwongozaji akulegezee mkanda wa kofia kabla hujapanda.

Binti Pangani: Naongeza kwa Chausiku: pete kubwa na bangili zivuliwe. Zinasugua mshikio na mkono unachubuka.

Msafiri254: Uzito wangu ni 124. Tofauti ni kilo 6 tu, si wataniruhusu?

Mleta somo: 118.

Msafiri254: Sasa hasira za nini, nimeuliza tu.

Mleta somo: Si hasira. Mota inakushika kwa kukimbilia chini ya uzito wako unapoegemea. Ukizidi kikomo, akiba niliyoitaja hatua ya 6 inapungua, na itakosekana mlimani au kwenye shimo. Mwenye mashine akikupandisha kwa kukuhurumia, bima ikigundua hamtaelewana. Chukua baiskeli ya umeme, njia ni hiyo hiyo na utafika mbali zaidi.

Juma wa Kiwandani: Inajuaje kwamba nimeegemea? Na chaji ikiisha njiani nitadondoka?

Mleta somo: Chini ya kibao kuna jairoskopu 5 (vipimo vya mzunguko) na sensa mbili za mwinamo, na mashine hujipima kama mara 100 kwa sekunde. Jairoskopu 3 zingetosha, zilizobaki ni za kukaguana. Betri ni mbili, na bodi za kuiongoza ni mbili. Upande mmoja ukifa, mwingine unashika kwa muda mfupi, mashine inakupunguzia mwendo na usukani unatetemeka. Ukitetemeka, simama na ushuke, uchunguzi baadaye. Chaji ikipungua hupunguza kasi kabla ya kuisha. Betri ikijaa, kwenye tambarare inaweza kufika kilomita 38, na ziara ya saa mbili haifiki hata nusu. Baridi hupunguza umbali huo.

Juma wa Kiwandani: Na mpira tunaoukanyaga?

Mleta somo: Umeliona. Chini yake kuna vitufe vinavyoiambia mashine kama kuna miguu. Ndiyo maana anayesimamia ncha za vidole, visigino hewani, huona mashine inabadilika ghafla. Kanyaga kwa wayo mzima.

Mzee wa Soko: Si ndiyo ile iliyomuua aliyeibuni?

Mleta somo: Hapana mzee wangu. Aliyeibuni ni Dean Kamen, akaizindua mwaka 2001. Aliyefariki ni Jimi Heselden, Mwingereza aliyekuwa ameinunua kampuni. Ilikuwa Septemba 2010, akatumbukia mtoni kutoka kwenye genge. Uchunguzi ulieleza kwamba huenda alikuwa anarudi nyuma kumpisha mtu aliyekuwa na mbwa. Kwa hiyo njia ikiwa nyembamba karibu na maji, usirudi nyuma kumpisha mtu. Simama, shuka, mpishe.

Tembo Mtulivu: Bia moja ya chakula cha mchana kabla ya ziara?

Mleta somo: Kikomo cha pombe kwenye damu ni kile cha gari, 0.5 kwa elfu. Chini ya miaka 21, sifuri. Kunywa baadaye.

Binti Pangani: Tunaweza kuvuka kwenda Uswisi na mashine? Mpaka si uko pale pale?

Mleta somo: Uko pale pale, lakini Uswisi ina sheria zake za barabarani, na bima uliyolipiwa huenda haivuki. Mwongozaji akisema hapana, usimbishie. Nendeni kwa miguu baada ya ziara: kati ya Konstanz na Kreuzlingen uzio uliondolewa, na tangu 2007 mpaka umewekwa alama kwa sanamu 22 za chuma. Pasipoti muwe nayo.

Binti Pangani: Nami nilipie kwa dokezo. Mkiona taa za rangi ya chungwa zinamweka ufukweni, hesabuni. Mara 40 kwa dakika ni onyo la upepo mkali, mara 90 ni dhoruba.

Mleta somo: Kweli. Ni za wenye mashua, lakini na wewe juu ya usukani upepo wa ubavu unakuhusu.

Dunga Boy: Mkuu, nafikiria mashine 5 kwa ajili ya watalii, ama Kisumu ama Mwanza pale Capri Point. Unashauri nini?

Mleta somo: Anza na barabara kabla ya mashine. Tembea njia yote na chaki, weka alama kila ukingo, shimo, mtaro na mchanga. Alama zikiwa nyingi kiasi kwamba mgeni atashuka kila baada ya dakika chache, hiyo ni ziara ya miguu. Kwa vumbi na changarawe ungehitaji Segway aina ya x2, yenye matairi mapana yanayojazwa upepo kidogo sana, psi 4 (kipimo cha upepo wa tairi) badala ya 15 za i2, na umbali wake ni kama nusu. Pili, utengenezaji wa Segway hizi ulisimama Julai 2020, hivyo utanunua zilizotumika na kutafuta betri kwa watu. Betri za lithiamu zina masharti makali kwenye ndege, uliza gharama za meli mapema. Kwa mtaji huo huo ningepeleka baiskeli za umeme 10, ambazo fundi wa mtaani anaziba pancha. Ukishikilia Segway, nunua mbili, si tano, na ya tatu mbovu kwa ajili ya vipuri.

Dunga Boy: Na zikikaa wiki kadhaa bila wateja?

Mleta somo: Ziache kwenye chaja, umeme ukiwa umewashwa. Betri yake ikikaa tupu muda mrefu hufa moja kwa moja. Umeme ukikatika sana kwenu, panga zamu ya kuzichaji na iandikwe ukutani.