Namna ya kufuatilia mwanzo wa mji mdogo wa walowezi nchini Marekani

Ukitaka kujua mji mdogo wa mashambani kule Kansas, Nebraska au Dakota ulianzaje, usianze na kitabu cha kuadhimisha miaka mia. Vitabu hivyo mara nyingi huandikwa na wajukuu wa waliobaki. Waliochoka, wakakosa mavuno na kufunga virago hawamo, na bila wao hadithi ya mji haijakamilika. Anza na ardhi yenyewe. Kila robo ya maili ya mraba imeandikiwa nani aliiomba, lini, na kama aliipata au aliiacha. Majina ya watu yatajileta yenyewe baadaye.

Mfano tutakaourudia ni Nicodemus, katika Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa Kansas. Kampuni ya kuuanzisha mji huo iliundwa Aprili 1877, na Septemba mwaka huohuo likafika kundi la watu Weusi takriban 300 kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wametoka utumwani miaka kumi na michache nyuma.

Ijue sheria kwanza

Rais Lincoln alitia saini Sheria ya Homestead, iliyowagawia walowezi ardhi ya serikali, tarehe 20 Mei 1862, nayo ikaanza kutumika 1 Januari 1863. Mtu aliyetimiza miaka 21, au aliyekuwa mkuu wa kaya, aliweza kuomba hadi ekari 160 (kama hekta 65), mradi awe raia au ametangaza rasmi nia ya kuwa raia, na asiwe amewahi kubeba silaha dhidi ya serikali ya Marekani. Alitakiwa kuishi pale miaka 5, ajenge, alime, kisha alete mashahidi wawili. Ada zote pamoja kwa kawaida zilifika dola 18. Mwanamke mseja, mjane au aliyeachwa aliweza kuomba kwa jina lake. Aliyeolewa, kwa kawaida, hakuweza. Ndiyo maana ukikuta jina la mwanamke katika madaftari ya ardhi, fuatilia hali yake ya ndoa: mara nyingi hapo ndipo pana habari.

Sheria ilibadilika, na ukisahau hilo utahesabu vibaya. Mwaka 1909 baadhi ya maeneo makavu yaliruhusiwa ekari 320. Mwaka 1912 muda wa kukaa ulishuka hadi miaka 3. Mwaka 1916 wafugaji waliruhusiwa ekari 640. Askari wa zamani wa upande wa Muungano (serikali kuu) katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe walipunguziwa miaka waliyotumikia jeshini, kwa hiyo dai lililokamilika katika miaka miwili au mitatu si lazima liwe na kosa.

Kabla ya haya yote ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Tafuta ramani za Charles Royce, zilizochapishwa mwaka 1899, zinazoonyesha ni eneo gani lilitolewa na taifa gani la wenyeji, na kwa mkataba upi. Zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani na zinasomeka mtandaoni. Andika namba ya eneo na mwaka wa mkataba kwenye ukurasa wako wa kwanza. Historia ya mji inayoanzia kwenye gari la farasi la mlowezi wa kwanza imekatwa kichwa.

Soma anwani ya ardhi

Hapa ndipo wengi hukwama. Tangu sheria ya mwaka 1785, ardhi ya serikali ilipimwa kwa miraba. Mraba mkubwa, taunishipu, ni maili 6 kwa 6. Ndani yake mna miraba 36 inayoitwa seksheni, kila moja maili 1 kwa 1, yaani ekari 640. Robo ya seksheni ni ekari 160, na ndiyo shamba la mlowezi.

Seksheni huhesabiwa kuanzia kona ya kaskazini-mashariki: 1 hadi 6 kuelekea magharibi, kisha unashuka, 7 hadi 12 kurudi mashariki, na kuendelea hivyo kama mtu anayelima kwa ng'ombe, akifika mwisho wa mstari anageuka. Namba 36 inaangukia kona ya kusini-mashariki.

Kwenye nyaraka utakuta mfano huu: SE¼ NW¼ Sec. 22, T. 8 S., R. 21 W., 6th P.M. Usome kutoka mwisho kurudi mwanzo. 6th P.M. ni mstari mkuu wa sita wa upimaji, unaotawala Kansas na Nebraska zote. R. 21 W. ni safu ya 21 magharibi ya mstari huo. T. 8 S. ni taunishipu ya 8 kusini mwa mstari wa msingi. Kisha seksheni ya 22, kisha robo yake ya kaskazini-magharibi, kisha robo ya kusini-mashariki ya robo hiyo. Unabaki na ekari 40.

Mstari wa msingi wa hapo ndio mpaka wa Kansas na Nebraska, kwenye latitudo ya 40. Kwa hiyo taunishipu zote za Kansas ni S., na zote za Nebraska ni N. Ukikuta T. 8 N. katika Kansas, mnakili amekosea. Rudi kwenye picha ya waraka wenyewe.

Kila mara jumlisha ekari. S½ NE¼ na N½ SE¼ ni 80 na 80, jumla 160: sawa. Ukipata 320 kwa mtu wa mwaka 1878, umesoma vibaya, au ana madai mawili ya sheria tofauti, kwa mfano Sheria ya Kupanda Miti ya mwaka 1873. Ukipata 157.43 au 163.20, usishtuke. Dunia ni duara, na makosa ya upimaji yalisukumwa kwenye ukingo wa kaskazini na wa magharibi wa kila taunishipu, hivyo vipande vya huko havikutimia au vilizidi.

Chora taunishipu kabla ya kutafuta majina

Chukua karatasi kubwa, chora seksheni 36, kila moja uigawe robo nne. Una vyumba 144. Sasa ondoa ambavyo mlowezi hakuweza kuviomba. Katika Kansas, seksheni ya 16 na ya 36 zilitengwa kwa ajili ya shule. Kama eneo limo ndani ya mgao wa reli, seksheni zenye namba witiri zilipewa kampuni ya reli. Zinabaki seksheni 16 tu, yaani robo 64 kati ya 144.

Hesabu hiyo inaokoa muda mwingi. Watu hutafuta jalada la mlowezi, yaani karatasi za dai lake, kwenye seksheni ya 11, halipatikani, wanadhani limepotea. Halijawahi kuwepo: mlowezi huyo alinunua kwa kampuni ya reli, na karatasi zake zimo katika vitabu vya hati vya kaunti. Wengi pia husahau kwamba kwenye seksheni shufwa zilizokuwa ndani ya mgao wa reli, hadi mwaka 1879, mlowezi wa kawaida aliruhusiwa ekari 80 tu badala ya 160.

Hatimiliki: tarehe yake ni ya mwisho wa safari

Fungua tovuti ya glorecords.blm.gov, weka jimbo, taunishipu na safu, na uache nafasi ya jina wazi. Utapata hatimiliki za kwanza zilizotolewa na serikali kuu katika mraba huo. Nakili jina, maelezo ya ardhi, ofisi ya ardhi, namba na tarehe.

Angalia pia sheria iliyotajwa kwenye hati. Ikiwa ni ya 20 Mei 1862, ni dai la homestead lililokamilishwa. Ikiwa ni ya 24 Aprili 1820, ni mauzo ya fedha taslimu. Lakini usimfute mtu huyo kwenye orodha ya walowezi. Sheria ilimruhusu aliyeomba homestead kulipa dola 1.25 kwa ekari baada ya miezi 6 (baadaye miezi 14) akapata hati bila kungoja miaka mitano. Walowezi wengi wamejificha humo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika kwamba fulani alifika mwaka uleule wa hatimiliki. Hati ilitolewa baada ya miaka mitano ya kukaa, na ofisi ya Washington mara nyingi iliongeza mwaka au zaidi. Hati ya 1885 inaweza kuwa ya mtu aliyefika 1878.

Madaftari ya vipande: waliondoka akina nani

Hatimiliki hukuonyesha walioshinda. Walioshindwa wamo katika madaftari ya vipande vya ardhi, ambayo picha zake zipo FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba. Usitegemee kutafuta kwa jina. Fungua jimbo, tafuta kitabu chenye taunishipu yako, kisha pitia ukurasa kwa ukurasa. Kila mstari una kipande, ukubwa, jina, tarehe ya kuomba na namba. Dai lililofutwa lina alama au neno la kufutwa, na chini yake jina la aliyefuata. Robo moja kuwa na majina matatu mfululizo ni jambo la kawaida kabisa.

Wajaze wote kwenye mchoro wako, kila jina na mwaka wake. Ukiona vyumba vingi vimefutwa katika kipindi kimoja, tafuta sababu katika magazeti ya miaka hiyo: ukame, nzige, au reli iliyopita kwingine.

Jalada la mlowezi

Huu ndio waraka wenye thamani kuliko yote, na unastahili kungojewa. Umo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington, na huombwa kwa fomu NATF 84. Kwa madai ya kabla ya 1908 toa jina, jimbo, ofisi ya ardhi, aina ya dai, namba ya dai la mwisho na maelezo kamili ya ardhi. Ukikosea ofisi ya ardhi wataleta jalada la mtu mwingine au hawatapata kitu, maana kila ofisi ilikuwa na mfululizo wake wa namba.

Likifika, nenda moja kwa moja kwenye ushahidi wa mwisho, ule wa mlowezi na wa mashahidi wake wawili. Wanaulizwa nyumba ilijengwa lini, ni ya nini, ina futi ngapi kwa ngapi. Familia ina watu wangapi. Ekari ngapi zimelimwa, na mazao yamepandwa misimu mingapi. Kuna kisima, zizi, uzio. Je, aliwahi kuondoka, kwa muda gani, na kwa nini. Andika majibu ya watatu hao kwenye safu tatu sambamba. Wakitofautiana kuhusu tarehe ya kuhamia, chukua kwa tahadhari iliyo karibu zaidi na kumbukumbu nyingine. Kila mmoja alijua kwamba sheria inataka muda kamili wa kukaa, na tarehe iliyorudishwa nyuma kidogo ilimsaidia jirani.

Majina ya mashahidi ni hazina. Hawa walikuwa majirani, ndugu, au watu waliosafiri pamoja. Unganisha kwa mistari kwenye mchoro nani alimshuhudia nani, na utaona vikundi vilivyofika pamoja hata pale ambapo hakuna orodha ya wasafiri iliyobaki. Kwa mlowezi mzaliwa wa ng'ambo, jalada huwa pia na nakala ya karatasi za uraia.

Tangu mwaka 1879 kila aliyetaka kuthibitisha dai alitakiwa kutangaza gazetini na kutaja mashahidi wake. Matangazo hayo yalilisha magazeti madogo mengi. Tafuta katika Chronicling America, mkusanyo wa magazeti ya zamani mtandaoni, kwa jina la mji na la kaunti, si kwa jina la mtu peke yake, kwa sababu kompyuta husoma vibaya herufi zilizofifia. Nicodemus ilikuwa na gazeti la Western Cyclone kuanzia 1886, na Nicodemus Enterprise mwaka 1887.

Kutoka mashamba hadi mji

Mashamba 64 hayajawa mji. Tafuta vitu vitatu: ramani ya viwanja, posta, na reli.

Ramani ya viwanja ilisajiliwa kaunti. Angalia tarehe ya kusajiliwa na majina ya waliosaini, kisha fuata mauzo ya viwanja katika vitabu vya hati. Ramani yenye viwanja mia tatu haimaanishi nyumba mia tatu. Nyingi zilichorwa ili kuuza matumaini. Kama kaunti ilikuwa haijaundwa bado, hati zilisajiliwa kwa kaunti jirani iliyokuwa ikiihudumia. Kaunti ya Graham iliundwa rasmi mwaka 1880, miaka mitatu baada ya Nicodemus.

Kwa posta, Hifadhi ya Nyaraka ina rekodi za uteuzi wa wakuu wa posta (mikrofilamu M841) na ripoti za mahali posta ilipo (M1126). Hizi za pili hazithaminiwi inavyostahili. Mkuu wa posta alijaza fomu akieleza seksheni, umbali hadi mto, posta za jirani na reli, mara nyingine akachora ramani kwa mkono. Posta ikihama seksheni, kitovu cha makazi nacho huenda kilihama.

Reli iliamua mengi. Kampuni ya Burlington ilipanga vituo vyake Nebraska kwa alfabeti: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard. Majina ya aina hiyo yanakuambia kwamba mji ulizaliwa ofisini mwa reli. Nicodemus ilitangulia reli, ikaingoja, na mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto. Wafanyabiashara wengi wakahamia Bogue, kituo kipya maili chache kutoka hapo.

Sensa itumie kuhakiki. Ile ya 1880 ina jedwali la kilimo lenye ekari, mifugo na mazao. Ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa Januari 1921, ila Kansas ilifanya sensa zake za jimbo 1885 na 1895, na hizo zinaziba pengo vizuri.

Unapoandika, usiuchagulie mji siku moja ya kuzaliwa. Weka tarehe zote na waraka wa kila moja: kampuni kuundwa, dai la kwanza kuombwa, mtu wa kwanza kuhamia kwa ushahidi wa jalada, ramani kusajiliwa, posta kufunguliwa. Zikipishana kwa miaka, ziache zipishane, na useme wazi ipi umeitumia na kwa nini.