Jibini ya slesi ni sosi iliyoganda

Siku niliyoacha kuidharau jibini ya kusindikwa ni ile niliyowalisha wageni mchanga. Nilikuwa na jibini nzuri ya cheda, iliyokomaa kwelikweli, nikaikwaruza yote na kuimwaga kwenye maziwa yanayotokota ili nipate sosi ya makaroni. Nikakoroga mpaka mkono ukauma. Juu yakaelea mafuta ya njano, chini zikabaki chembechembe ngumu zilizogoma kushikana. Dada yangu mkubwa alionja kijiko kimoja, akanitazama.

"Mdogo wangu, hii sosi au mchanga?"

Akafungua friji, akatoa slesi tatu za jibini ya watoto, zile zilizofungwa moja moja kwenye nailoni, akazichana vipande na kuzitumbukiza kwenye sufuria pamoja na maji kidogo. Akapunguza moto, akakoroga kwa nguvu. Mafuta yakarudi ndani. Chembechembe hazikuisha zote, lakini sosi ililika. Mimi niliyekuwa nikiziita plastiki, nikakaa kimya nikala.

Wapo wanaoiita chizi. Mimi siwezi, kwangu chizi ni mtu aliyerukwa na akili, na sitaki kumweka kwenye mkate. Nitaiita jibini ya kusindikwa, au slesi nikizungumzia ile iliyokatwa tayari.

Ukiila tupu haina mengi ya kusimulia: chumvi, utamu wa mbali wa maziwa, basi. Kuiweka kwenye sahani pamoja na zabibu na biskuti ili wageni waichambue ladha ni kuionea, na kuwaonea wageni. Kiwandani jibini ya kawaida husagwa, ikayeyushwa kwa moto pamoja na maji na chumvi maalumu mpaka ikawa uji laini, kisha uji huo ukamiminwa na kuachwa upoe. Yaani unachonunua ni sosi iliyoganda. Kazi yako jikoni ni kuirudisha ilikotoka, na ukilishika hilo hutahitaji kukariri mapishi.

Siri iko kwenye zile chumvi. Ndani ya jibini ya kawaida, protini ya maziwa iitwayo kasini imefungwa pamoja na kalsiamu, kama matita yaliyokazwa kwa kamba. Moto ukizidi, matita hujikunja na kukamua maji na mafuta nje. Huo ndio mchanga wangu. Chumvi za kusindika, yaani sitreti au fosfeti za sodiamu, hunyang'anya kalsiamu ile na kuweka sodiamu mahali pake. Kamba hulegea. Kasini iliyolegea hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, ikawa mshenga kati ya wawili wasiopatana.

Waliolifanyia kazi jambo hili mapema ni Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler wa mji wa Thun, mwaka 1911. Walitumia sodiamu sitreti kwenye jibini ya Emmental, wakitaka jibini itakayosafirishwa mbali, hata nchi za joto, bila kuharibika. Wala haishangazi kwamba walikuwa Waswisi: jibini ya kuyeyusha kwenye chungu cha divai ni chakula cha kwao, na uchachu wa divai hufanya kazi inayokaribiana na ya chumvi hizo. Mwaka 1916 mfanyabiashara wa jibini James L. Kraft akapata hataza ya njia yake huko Marekani, na mwaka 1921 mtengenezaji jibini Léon Bel akaisajili chapa ya jibini ya kusindikwa La vache qui rit huko Ufaransa. Nami hufurahishwa na jambo moja la kitoto: fomula ya sodiamu sitreti ni Na₃C₆H₅O₇. Ondoa tarakimu, usome herufi. Nacho, zile chipsi za mahindi zinazomwagiwa sosi ya jibini.

Kabla ya kuwasha moto, geuza pakiti usome lebo. Neno la kwanza kwenye orodha ya viambato liwe jibini. Yakitangulia maji na mafuta ya mimea, na wanga ukafuata, irudishe rafuni. Hiyo ni ya kuigiza, na wanga huifanya ivutike kama gundi ya karatasi badala ya kutiririka. Sheria za Marekani hutenganisha madaraja waziwazi: kuna jibini ya kusindikwa yenyewe, kuna "chakula cha jibini" ambacho jibini isipungue asilimia 51, na kuna ya kupaka, ambayo maji yake ni kati ya asilimia 44 na 60. Penginepo majina hubadilika, lakini kanuni ni ileile: kadiri maji yanavyozidi ndivyo ladha inavyopungua na ulaini unavyoongezeka. Namba E331 kwenye lebo ni sitreti. E339 na E450 hadi E452 ni fosfeti. Hizo usiziogope kwenye sufuria, ndizo tulizozifuata.

Kuna jambo ambalo lebo huenda isikwambie. Jibini nyingine za kusindikwa hutengenezwa makusudi zisiyeyuke, ili zikatwe vipande na kubaki na umbo hata zikiokwa. Niliwahi kununua bonge la aina hiyo, likakaa kwenye supu yangu kama sabuni. Sasa huweka kipande cha ukubwa wa kucha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika moja. Kikitandaa, tunaendelea. Kikisimama wima, kitaliwa baridi.

Sasa sosi ya makaroni, maana ndiyo iliyonifundisha. Usitumie slesi peke yake. Itakuwa laini lakini haina sauti. Usitumie cheda peke yake, unajua kilichonipata. Changanya sehemu moja ya jibini ya kusindikwa na sehemu mbili za cheda. Chumvi zilizomo kwenye slesi zinatosha kuibeba na ile nyingine, na hivyo huna haja ya kukaanga unga kwenye siagi kwanza. Kwa gramu 250 za makaroni makavu mimi hutumia slesi 4 (kama gramu 80), cheda gramu 160 na maziwa mililita 200.

Pasha maziwa mpaka yaanze kutoa mvuke, yasichemke. Chana slesi ndani yake, koroga hadi zipotee kabisa. Hapa ndipo wengi huharakisha: slesi ziishe kwanza, ndipo cheda iingie, tena kwa konzi ndogondogo, kila konzi ikisubiri iliyotangulia iyeyuke, moto ukiwa mdogo kabisa. Cheda uikwaruze mwenyewe. Ile inayouzwa imekwaruzwa tayari hupakwa unga wa wanga ili isigandamane, na unga huo utauona kwenye sosi. Tia nusu kijiko cha chai cha haradali na pilipili manga. Chumvi usitie. Nasema tena, usitie, mpaka umemaliza na umeonja, kwa kuwa slesi imeshakuja na chumvi ya kula pamoja na sodiamu ya zile chumvi nyingine. Maji ya kuchemshia makaroni nayo yawe na chumvi kidogo tu. Bakisha kikombe kimoja cha maji hayo. Sosi ikikaza mezani, vijiko viwili huilegeza. Chakula kilicholala kinapashwa kwa maziwa kidogo, na mafuta hayajitengi. Cheda tupu haikufanyii hivyo.

Cheda iliyokomaa sana, parmesani na ndugu zao, weka kidogo kwa ajili ya ladha tu. Protini yake imekatikakatika kwa umri, haina tena nguvu ya kushikilia sosi. Viwandani nako huchanganya changa na kuukuu: changa kwa mwili, kuukuu kwa harufu.

Mkate wa jibini wa kikaangoni unataka subira kuliko ufundi. Moto mdogo, siagi upande wa nje wa mkate, ndani slesi moja na cheda nyembamba, slesi iguse mkate wa chini na cheda iwe juu yake. Funika dakika tatu au nne, geuza, malizia bila kifuniko ili mkate ukauke na kuwa mkavu wa kuvunjika. Moto mkali utakupa mkate mweusi wenye jibini baridi, na hakuna jibini duniani itakayokuokoa hapo.

Kwenye baga ndipo slesi haina mpinzani. Cheda hutokwa na mafuta juu ya nyama ambayo tayari ina mafuta yake. Slesi hulala kama shuka na kushika kila kona. Iweke sekunde 45 za mwisho, nyunyiza kijiko cha maji pembeni mwa kikaango, funika. Mvuke huimaliza kazi. Ukiona kingo zake zinaanza kutoa malengelenge, umechelewa.

Mayai ya kuvuruga: mayai manne, slesi moja iliyochanwa vipande vidogo ikaingia pamoja na mayai tangu mwanzo, siagi, moto wa chini, mwiko usitulie. Slesi inayeyuka mayai yakiwa bado mabichi, kisha yanaganda taratibu, laini, bila kuachia maji kwenye sahani. Kimanda vilevile, ila humo mimi huikunja katikati.

Zile pembetatu za kupaka nazitunza kwa supu na viazi vya kuponda. Supu ya viazi, boga au koliflawa ikishasagwa, ondoa motoni, tupia pembetatu mbili au tatu, koroga. Inakuwa nzito na nyeupe kama imetiwa krimu. Viazi vya kuponda ni hivyohivyo: pembetatu moja kwa viazi viwili vikubwa, viazi vikiwa bado vya moto.

Na sasa mahali isipofaa. Kwenye piza, hapana. Ule uzi mrefu unaovutika unatokana na kasini iliyoshikamana bado kwa kalsiamu, na hiyo ndiyo kamba tuliyoilegeza. Utapata utando unaong'aa, na kama ndani mna unga wa maziwa au wa yale maji yanayobaki jibini ikitengenezwa, utaungua mapema kabla ya ukoko kuiva. Juu ya chakula cha kuokwa nacho, weka jibini ya kawaida kwa ajili ya rangi na uache ya kusindikwa ndani. Kwenye kachumbari na saladi, sioni sababu. Na kwa mtu anayesumbuliwa na maziwa: cheda iliyokomaa karibu haina laktosi, yaani sukari ya maziwa, lakini ya kusindikwa inaweza kuwa nayo, kwa sababu ya unga huohuo wa maziwa. Daktari akikuambia upunguze chumvi, hii usiile kila siku.

Usiigandishe kwenye friza, hutoka inamong'onyoka. Bonge lililofunguliwa lifunge kwa nailoni ikigusa uso wote wa jibini, la sivyo kingo hukauka na kuwa kama ngozi.

Ukishazoea yote haya utataka kuitengeneza mwenyewe, kwa jibini unayoipenda. Sodiamu sitreti huuzwa ikiwa unga mweupe. Ukiikosa, itengeneze kwa asidi ya sitriki na soda ya kuokea, ile soda tupu. Usitumie hamira wala unga wa kuumulia keki. Kwa takriban gramu 10 za sitreti pima gramu 7.5 za asidi na gramu 10 za soda. Bila mizani, ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha asidi kwa viwili vya soda, lakini mizani ni bora. Weka asidi kwenye sufuria ndefu yenye maji mililita 100, nyunyiza soda kidogokidogo. Itafura povu kama imekasirika. Subiri itulie, ipashe mpaka mapovu yaishe kabisa, kisha chovya kidole uonje: iwe na chumvi na uchachu wa mbali. Ikiwa na ladha ya sabuni, soda imezidi. Ongeza punje chache za asidi.

Kwenye maji hayo ya moto ingiza gramu 300 za cheda changa iliyokwaruzwa, konzi moja moja, moto mdogo. Mwanzoni itaonekana imeharibika, kamba nene zikiogelea kwenye maji. Usizime moto, endelea kukoroga. Ghafla itashikana na kung'aa. Ipitishe kwenye blenda sekunde chache ukitaka ulaini wa dukani, kisha uimimine kwenye chombo kilichotandikwa nailoni, nene kama kidole, ikae kwenye friji kwa muda wa saa tatu. Ukitaka sosi ya kumwaga badala ya slesi, jumla ya maji au maziwa ifike mililita 250. Hapo ndipo unaweza kutia pilipili iliyosagwa, bizari ya pilipili hoho iliyokaushwa kwa moshi, au kipande kidogo cha jibini ya ukungu wa buluu ambacho peke yake kisingeyeyuka vizuri.

Yangu hupata chumvi mwishoni, nusu kijiko cha chai au pungufu, kwa sababu sitreti nayo ina chumvi yake. Ikate kwa kisu kilicholowanishwa, tenganisha slesi kwa karatasi ya kuokea, funga vizuri, na uile ndani ya wiki moja, maana haina vihifadhi vya kiwandani.