Kupima umri kabla ya CECAFA U-17 (mashindano ya soka ya Afrika Mashariki na Kati kwa vijana wa chini ya miaka 17)
Anza na mkono, miguu baadaye. Kabla ya kutangaza kikosi, wapeleke wachezaji wote, na wa akiba watano au sita, wakapigwe MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku) ya kifundo cha mkono wa kushoto. Daktari hutazama gegedu la ukuaji kwenye ncha ya mfupa upande wa dole gumba: likiwa limeshageuka mfupa kabisa, hilo ni daraja la 6, la mwisho, dalili kwamba ameshavuka miaka 17, na kijana anaachwa hata cheti chake kiwe safi namna gani. Akitikisa mkono mashineni, picha inaingia ukungu, inarudiwa.

Kisha pasi ya kusafiria. Jina lifanane na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi; Mohamed na Mohammed, mbele ya mkaguzi, ni watu wawili.