Ukiwa wasimulia muvi na Gomer Pyle akatajwa, fanya hivi

Wenzangu mnaoshika maiki kusimulia muvi hapa Malindi, hili jina Gomer Pyle mtakutana nalo, si leo basi kesho, na ukilipita hivi hivi umewanyima watu nusu ya stori. Mimi nililipita. Ilikuwa Full Metal Jacket, ile ya Stanley Kubrick ya 1987, ya makurutu wa jeshi la Marekani, kwenye banda la video huku Barani, usiku watoto washalala, mzee mmoja na kikombe chake cha kahawa mkononi akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana si amesema aitwa Lawrence, sasa huyo Gomer katoka wapi?" Nikamwambia jina la utani tu mzee, nikaendelea.

Kwa hivyo kwanza mjue mwenye jina. Gomer Pyle ni mtu wa vichekesho vya TV ya Marekani, aliyemcheza ni Jim Nabors. Alianza 1962 kwenye The Andy Griffith Show, kijana wa petroli stesheni kwenye kimji kidogo, halafu akapewa kipindi chake, Gomer Pyle, U.S.M.C., kikaenda toka 1964 mpaka 1969, episodi 150. Humo ameingia Marines, jeshi la Marekani, mtoto wa shamba, roho nyeupe pe, kila akionacho ni ajabu, na sajini wake Carter kila siku apasuka kwa hasira. Wengi hapo wanakosea wanampa sauti ya mjinga. Hapana jamani. Wala si Abunuwasi, Abunuwasi ana hila, huyu hana hila hata chembe, amwambia afande ukweli mtupu na ukweli huo ndio unaomvuruga afande.

Halafu tega sikio maana mara nyingi jina halitajwi, yaja maneno yake tu. Kuna "golly" ile ya kuvutwa mpaka pumzi iishe, mimi naitoa "Salaaaaleee", inakaa sawa kabisa. Kuna "Shazam!", hiyo iwache kama ilivyo. Na kuna "Surprise, surprise, surprise!", lazima iwe mara tatu, "Makubwa! Makubwa! Makubwa haya!", usipunguze zikawa mbili kwa sababu hiyo tatu ndiyo inayomtambulisha. Pink Floyd, bendi ya Uingereza, waliiweka mpaka kwenye wimbo wao Nobody Home, albamu ya The Wall ya 1979, yasikika kama TV imewachwa inaongea nyuma ya wimbo. Na sajini Carter naye alikuwa na yake, "Sikusikii!", na kwenye muvi ya Kubrick Sajini Hartman, afande anayewafunza makurutu, nae anawapigia kelele hiyo hiyo.

Sasa sauti yako, na hapa ndipo pagumu. Hartman akimwita yule kurutu Lawrence kwa jina la Gomer Pyle amemtukana, ni kama amwambia wewe si askari wewe ni kichekesho cha TV, na Mmarekani wa wakati ule aliipata bila kuelezwa. Lakini muvi yenyewe si kichekesho. Mimi siku ile sauti ya mzaha niliianza kwenye ile donati aliyoficha sandukuni, nikaibeba mpaka usiku wenzake wanamkandamiza kwa blanketi wanampiga na sabuni zilizofungwa ndani ya taulo, na banda zima likawa linacheka. Yule mzee akaweka kikombe chini akasema, "Mwacheni basi." Nililala na hilo neno.

Kwa hivyo mzaha uache donati ikishaisha, na maelezo uyatoe mapema, usingoje jina litajwe kwa sababu Hartman haachi nafasi ya kupumua. Muvi inaanza na makurutu wananyolewa vichwa, wimbo unacheza, hakuna anayeongea, hapo hapo ingia. Waambie fikirini kurutu wetu amefika kambini leo, afande kamtazama usoni kamwambia kuanzia sasa jina lako ni Mzee Ojwang, lile lako la nyumbani sitaki kulisikia tena. Vitimbi, vichekesho vya TV yetu alimokuwa Mzee Ojwang, kila mtu alitazama, hakuna atakayeuliza ni nani. Niliirudia hivyo mwezi uliofuata banda lile lile, watu walicheka kwenye donati, na ilipofika sabuni na taulo nikanyamaza mwenyewe nikaiwacha picha ienende, na hakuna aliyecheka.