Kuandika Historia ya Ukoo wa Wakili na Jaji wa Moshi

Anza kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la Wachagga, si mahakamani. Waombe wazee wakuonyeshe makaburi na mipaka ya masale, mimea inayopandwa mipakani, kisha uandike jina la kila aliyezikwa hapo, pamoja na la mama yake, kwa kuwa upande wa kike ndio unaosahaulika upesi. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya usharika au parokia vitakusaidia kuthibitisha tarehe ambazo wazee huzikumbuka kwa misimu ya kahawa.

Ukifika kwenye kazi ya wakili na jaji mwenyewe, uwe mwangalifu sana na vyeo. Wazee wengi humwita "hakimu" kila aliyeamua kesi, ilhali hakimu hukaa mahakama ya mwanzo, ya wilaya au ya hakimu mkazi, na jaji hukaa Mahakama Kuu au ya Rufani. Tena, kabla ya mageuzi ya mwaka 1963, mashauri mengi ya Wachagga yaliamuliwa katika mahakama za wenyeji chini ya mamangi, watawala wao wa jadi; hivyo babu anayesifiwa kuwa hakimu huenda alikuwa mzee wa baraza, heshima ambayo haipungui kwa kutajwa ilivyo. Uteuzi wa jaji utafute katika Gazeti la Serikali.

Hukumu zake zisome zote. Mimi husoma kwanza za mirathi na mashamba, kwani humo ndimo sauti yake husikika waziwazi. Majina ya wadaawa, yaani waliokuwa na kesi, yaache nje ya kitabu chako: wajukuu wao bado ni majirani.