Mvumo wa Magurudumu ya Nyuma: Kumtambua Mkosaji Kabla ya Kununua Spea

Gari linapofika mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, mvumo mzito unaanza upande wa nyuma, unapanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na haukomi mpaka mwendo upungue. Mteja anapoeleza hivyo gerejini, mara nyingi hupewa jibu moja hata kabla gari halijaendeshwa: beringi, yaani gololi zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka, imekwisha. Huenda ni kweli. Hata hivyo, tairi lililolika vibaya hutoa mvumo unaofanana mno na wa beringi, difu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu, nayo ina mvumo wake, na bodi la gari husafirisha sauti kiasi kwamba beringi ya mbele inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya kiti cha nyuma. Mpangilio ninaoueleza hapa unaanza na vipimo visivyogharimu chochote na kuishia na vile vinavyohitaji kufungua kitu, nami ninapendekeza ufuatwe kwa utaratibu huohuo, kwa sababu kila kipimo kinapunguza idadi ya watuhumiwa wanaobaki kwa kile kinachofuata.

Hatua ya kwanza: hakikisha sauti inafuata magurudumu, si injini

Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, chenye magari machache, ambapo sheria inaruhusu kufika kilomita 80 kwa saa. Nenda na mtu wa pili akae kiti cha nyuma, kwa kuwa dereva anayetega sikio huacha kutazama barabara ipasavyo. Funga vioo, zima redio na feni ya kiyoyozi, na kama gari lina keria juu ya paa, iondoe kwanza, maana upepo unaopita kwenye vyuma vyake hutoa mvumo ambao umewahi kuwafanya watu wabadilishe beringi isiyo na tatizo.

Ongeza mwendo taratibu na umwombe mwenzako aandike ni katika mwendo gani mvumo unaanza na ni katika upi unakuwa mkubwa zaidi. Ukiwa katika mwendo huo wa pili, toa gia na uliache gari liserereke injini ikiwa bado inafanya kazi. Kwa gari la gia otomatiki, peleka kwenye N kwa muda mfupi tu na uwe mwangalifu usipitilize hadi R. Usizime injini kwa namna yoyote, kwa sababu msaada wa breki na usukani utapotea, na katika magari ya ufunguo usukani unaweza hata kujifunga. Ikiwa mvumo unabaki vilevile na kushuka pamoja na mwendo wa gari, chanzo kiko kwenye magurudumu, difu au propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Ikiwa umekatika mara tu injini iliposhuka, acha mwongozo huu na uchunguze egzosi na mikono inayoshikilia injini kwenye bodi.

Hatua ya pili: badilisha lami

Barabara zetu nyingi zimefunikwa kwa kokoto zilizomwagwa juu ya lami, na nyingine zina lami laini iliyotandazwa kwa mashine. Pita juu ya aina zote mbili kwa mwendo uleule. Sauti ya tairi hubadilika uso wa barabara unapobadilika: hukua, hupungua au hubadilisha unene wake. Sauti ya beringi haijali gari linapita juu ya nini, kwa kuwa chanzo chake kimefungwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kipimo hiki pekee hakitoshi kutoa hukumu, ila kitakuambia uegemee wapi.

Hatua ya tatu: matairi yenyewe

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi zaidi, hasa kama gari lake linavutwa na magurudumu ya mbele, kama zilivyo IST na Vitz nyingi tunazoziona barabarani. Katika gari la namna hiyo magurudumu ya nyuma hufuata tu. Yakiwa yameelekea ndani au nje kidogo kuliko inavyotakiwa, kila kashata, yaani kila kitalu cha mpira kilichochongwa usoni mwa tairi, huburutwa kidogo kinapogusa lami, kikalika ukingo mmoja na kubaki kirefu ukingo wa pili, hata uso wote ukawa kama meno ya msumeno. Shokapu iliyochoka huleta ulikaji wa aina nyingine: gurudumu hurukaruka, na tairi hupata mabonde kwa vipande badala ya kulika sawasawa.

Macho hayaoni ulikaji huu kirahisi, na ndiyo maana mmiliki anaweza kuapa kwamba matairi bado ni mazima, kwa vile kina cha kashata kinaonekana cha kutosha. Tumia kiganja. Kagua kwanza kama hakuna waya uliochomoza, kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kuelekea mbele, halafu kirudishe kuelekea nyuma, ukianzia ukingo wa ndani, ambao ndio unaosahaulika na ndio unaolika zaidi mara nyingi. Ukihisi ulaini upande mmoja wa safari ya mkono na kukwama upande wa pili, tairi hilo lina uwezo wa kuvuma hata kama beringi yake ni mpya kabisa.

Soma pia tarehe ya kutengenezwa, iliyoandikwa ubavuni kwa tarakimu nne mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Tarakimu 2319, kwa mfano, zinamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika magari yaliyoagizwa Japani yakiwa yametumika, si ajabu kukuta matairi ya nyuma yana umri mkubwa kuliko mmiliki anavyodhani, na mpira uliozeeka hukakamaa na kupiga kelele zaidi.

Matairi yakithibitika kuwa ndiyo chanzo, kununua mapya bila kuondoa sababu ni kuahirisha tatizo. Kagua shokapu na bushi (mipira ya viungo) za nyuma, kisha peleka gari kwenye alaimenti, yaani upimaji wa pembe za magurudumu, na uombe kuona vipimo vya nyuma kabla na baada ya kazi. Fahamu kwamba IST ya kuvutwa na magurudumu ya mbele ina boriti moja inayounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma, na boriti hiyo haina sehemu ya kurekebisha pembe hizo. Kwa hiyo fundi akikuambia amezirekebisha za nyuma, muulize kwa upole alikaza bolti ipi. Vipimo vikiwa nje ya kiwango katika gari kama hilo, kuna kitu kimepinda au bushi zimekufa.

Hatua ya nne: hamisha matairi

Ikiwa kiganja kimekuachia shaka, na matairi yote manne ni ya saizi moja, yahamishe: ya nyuma yaende mbele na ya mbele yaende nyuma, kila moja likibaki upande wake ili yale yenye mshale wa mwelekeo yasizunguke kinyume. Rudia safari ya kwanza katika barabara ileile. Mvumo ukihamia mbele, au ukibadilika tabia waziwazi, umekwisha kumpata mkosaji bila kununua chochote. Ukibaki nyuma vilevile, matairi yameachiwa huru. Kaza nati kwa mpangilio wa msalaba. Toyota nyingi ndogo hutaka nguvu ya newtonmita (Nm) 103, ambayo spana ndefu yenye bomba mwishoni huipita bila mtumiaji kujua.

Hatua ya tano: usukani

Ukiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, barabara ikiwa pana na tupu, pindisha usukani taratibu kulia kisha kushoto, kiasi cha kuhisi uzito wa gari ukihama bila kulitoa kwenye njia yake. Gari likielekea kulia, uzito hulemea magurudumu ya kushoto, na likielekea kushoto hulemea ya kulia. Kwa kawaida beringi mbovu huvuma zaidi inapolemewa, kwa hiyo mvumo unaokua unapoelekea kulia unaashiria beringi ya kushoto. Nasema unaashiria kwa makusudi: beringi za kisasa zina safu mbili za gololi, na safu moja ikiwa ndiyo iliyoharibika, sauti inaweza kufanya kinyume na matarajio. Upande uliotajwa na usukani lazima uthibitishwe kwa mkono.

Hatua ya sita: inua na uguse

Egesha juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi mbele na nyuma yake, kisha inua pande zote mbili za nyuma na uziweke juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Achia breki ya mkono ili magurudumu yazunguke. Gari la kuvutwa mbele liache kwenye P au gia ya kwanza, ila lile linalosukumwa na magurudumu ya nyuma itabidi liwe huru, na hapo vigingi ndivyo vinavyokulinda.

Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku vidole vya mkono wa pili vikigusa springi kwa nje. Springi hubeba mtetemo wa beringi vizuri kuliko sikio linavyoweza kuupata: beringi nzima huacha springi imetulia, na ile iliyoharibika hupeleka mkwaruzo mdogo usiokoma, unaojirudia kila mzunguko. Linganisha kulia na kushoto, kwa sababu tofauti kati ya pande mbili ina uzito kuliko hisia ya upande mmoja. Msuguano mwepesi wa pedi kwenye diski ni wa kawaida. Gurudumu linalogoma kuzunguka kabisa lina breki inayonata, na hilo ni tatizo jingine.

Kisha shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Pleyi, yaani huko kucheza, ikipotea breki inapokanyagwa, iko kwenye beringi. Ikibaki, tafuta kwenye bushi na viungo. Kumbuka tu kwamba beringi inaweza kuvuma miezi mingi bila pleyi yoyote, hivyo gurudumu lililokaza halijathibitisha kuwa beringi ni nzima.

Hatua ya saba: difu na propela

Wenye gari la kuvutwa mbele pekee wanaweza kuiruka hatua hii. Kwa Hilux, Forester, RAV4 ya magurudumu manne na mengine ya jamii hiyo, shika mwendo usiobadilika, kanyaga mafuta kidogo, kisha uachie. Beringi ya gurudumu haitofautishi kati ya kusukumwa na kuserereka. Meno ya difu hutofautisha, kwa kuwa upande unaogusana hubadilika mara tu unapoachia mafuta. Kwa hiyo sauti inayotokea unapokanyaga na kupotea unapoachia, au kinyume chake, inatoka huko.

Unene wa sauti nao unasaidia. Tairi la saizi 195/65R15 lina mzingo wa takriban mita 2, hivyo kwa kilomita 80 kwa saa huzunguka kama mara 11 kwa sekunde. Pinioni, yaani gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, ikiwa na uwiano wa karibu 4 huzunguka mara 44 katika sekunde hiyohiyo, na ndiyo sababu mlio wa difu huwa mwembamba na mkali kuliko wa beringi ya gurudumu. Angalia kiwango cha oili ya difu na kama ina chembe za chuma. Mvumo unaoambatana na mtetemo wa sakafu katika mwendo fulani tu unaelekeza kwenye krosi (viungo vya kupindia) za propela au beringi yake ya kati. Tafadhali usiliendeshe gari la magurudumu manne likiwa na mawili tu hewani. Linaweza kuruka kutoka kwenye stendi.

Ikithibitika kuwa ni beringi

Kwenye IST na nyingi zinazofanana nayo, beringi ya nyuma huja pamoja na habu yake na kufungwa kwa bolti nne, kazi isiyohitaji mashine. Forester za kizazi cha kwanza na cha pili, ambazo beringi zake za nyuma zina historia ya kuchoka mapema, hutumia beringi ya kukandamizwa, nayo hutolewa na kuingizwa kwa presi. Kanuni ni hii: inapoingia kwenye nyumba yake, isukumwe kwa duara la nje; na habu inapoingia ndani ya beringi, duara la ndani ndilo lishikiliwe. Nguvu ikipita kwenye gololi, zinaacha alama kwenye njia zinamopita, na beringi mpya itaanza kuvuma baada ya muda mfupi. Nyundo hufanya hivyohivyo. Ikiwa gari lina ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) na sili ya beringi ina sumaku ya sensa, upande huo lazima uitazame sensa, wala usiwekwe juu ya meza yenye chembe za chuma.

Fungua ile ya zamani kabla ya kuitupa. Kutu na grisi iliyogeuka maziwa ni dalili ya maji, jambo la kawaida kwa magari yaliyopita kwenye madimbwi ya masika. Vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa ni vya kugonga shimo au tuta kwa kasi. Rangi ya bluu ni ya joto, na hapo kagua kama breki ya upande huo inanata.

Baada ya kufunga, rudi kwenye barabara ileile kwa mwendo uleule ulioandikwa mwanzoni, na mtu yuleyule nyuma. Mvumo uliopungua bila kwisha haumaanishi kwamba beringi mpya ni mbovu: matairi yaliyozunguka kwa muda mrefu juu ya habu inayocheza huwa yameshalika mabonde, nayo yarudishwe hatua ya tatu. Nati za magurudumu zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.